Kokteli za mjini zanoga, mkulima wa ndimu aambulia nini?

SAA 12 jioni ya Ijumaa, juu ya paa la hoteli moja katikati ya Jiji la Dar es Salaam, meza za pembeni zinazotazama bandari zimeshajaa. Pantoni ya Kigamboni inavuka taratibu, taa za meli zinazosubiri zamu ya kushusha mizigo zinaanza kuwaka, na mhudumu wa kaunta anatikisa kopo la chuma kwa mikono miwili juu ya bega lake. Anamimina, anachomeka kipande cha ndimu kwenye ukingo wa glasi, anaweka jani la nanaa, kisha anawapelekea wageni wawili walioingia mchana kwa treni kutoka Dodoma.

Katika hoteli za hadhi hiyo si ajabu glasi moja ya kokteli kuuzwa Sh25,000 au zaidi. Kwa mkulima wa ndimu, hiyo ni fedha ambayo wakati wa msimu inaweza kununua kiroba kizima shambani, na bado mnunuzi akaomba nyongeza.

Wageni hao wawili hawana kosa. Wamefanya kazi, wameweka akiba, na wamekuja mjini kupumzika siku mbili. Swali la kiuchumi ni hili: katika fedha wanayoiacha pale mezani, ni kiasi gani kinarudi shambani? Na je, mkulima anaweza kufanya nini ili kirudi zaidi?

Safari fupi, matumizi makubwa

Zamani safari ya mapumziko ilikuwa na maana ya kwenda kijijini wakati wa Krismasi au kuwapeleka watoto mbugani mara moja kwa miaka kadhaa. Siku hizi imeongezeka safari ya namna nyingine, ile ya kwenda mji mwingine Ijumaa na kurudi Jumapili. Msafiri hatafuti tembo wala mlima. Anatafuta chumba kizuri, bwawa la kuogelea, chakula ambacho hapiki mwenyewe, muziki na kinywaji cha baridi.

Usafiri umechangia. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Mtumishi wa Dodoma anayetoka kazini Ijumaa anaweza kulala Dar es Salaam usiku huohuo bila kuchoka. Kwa upande wa bahari, boti za mwendokasi huchukua takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, na watu wengi wa Bara huzitumia kwa ajili ya sikukuu za Idd, Pasaka na mwaka mpya.

Burudani nayo ina kalenda yake. Tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likifanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, tangu mwaka 2004, na lile la filamu la nchi za jahazi lilianza mwaka 1998. Siku za matamasha kama hayo vyumba huwa adimu, na kaunta za vinywaji huchelewa kufungwa.

Kuna pia wageni kutoka nje. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii milioni 1.5. Janga la Uviko-19 likaishusha idadi hiyo hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Baada ya hapo ilipanda tena, na mwaka 2024 ikapita milioni 2.1. Wengi huanza au humalizia safari zao mjini, na jioni ya mwisho kabla ya ndege mara nyingi huishia hotelini.

Hoteli zenyewe zina historia ndefu. New Africa ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1906 kwa jina la Kaiserhof, enzi za Wajerumani. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa mwaka 1965, miaka michache baada ya Uhuru, na ikafunguliwa upya mwaka 2005 baada ya ukarabati mkubwa. Kule Unguja, jengo la Africa House lililokuwa klabu ya Waingereza wakati wa ukoloni limekuwa maarufu kwa baraza lake, ambako wageni huenda kutazama jua likizama huku glasi ikiwa mkononi.

Kilichobadilika ni kwamba mteja wa leo hategemei kuuziwa kitanda na bia tu. Anataka kinywaji kilichochanganywa mbele yake, chenye ladha ya mahali alipo. Hapo ndipo kilimo kinapoingia.

Kilichomo ndani ya glasi

Kwa wakazi wengi wa miji yetu, neno kokteli lina maana ya juisi ya matunda mchanganyiko: parachichi chini, embe katikati, pasheni juu. Kwenye kaunta ya hoteli maana yake ni nyingine. Gazeti moja la jimbo la New York, Marekani, lilieleza mwaka 1806 kuwa kokteli ni kinywaji kikali kilichochanganywa na sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Tangu hapo michanganyiko imekuwa mamia, lakini kanuni haijabadilika sana: kitu kikali, kitu kitamu, kitu kikali cha asidi au kichungu, na barafu.

Ukiichambua kanuni hiyo utaona kuwa karibu kila kitu ni zao la shamba. Mojito ya Cuba ni ramu, ambayo hutokana na miwa, pamoja na ndimu, sukari na nanaa. Margarita ya Mexico hutumia tequila, inayotokana na aina ya mgave ambao ni ndugu wa mkonge wa Tanga. Jini na toniki, kinywaji kilichopendwa na wakoloni, kina kwinini ndani ya maji ya toniki, na kwinini hutoka kwenye magome ya mti. Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliupanda mti huo huko, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza magome yake yalitengenezewa dawa ya malaria kwa ajili ya askari wao. Leo sehemu kubwa ya magome ya kwinini duniani hutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako wakulima na wanunuzi hupatana bei kwa Kiswahili.

Afrika Mashariki nayo ina kokteli yake inayojulikana mbali, nayo inaitwa dawa. Ilipata umaarufu jijini Nairobi katika mgahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni vodka, ndimu zilizokatwa vipande, sukari na asali, na huletwa na kijiti chenye asali ambacho mnywaji hukitumia kukoroga na kuponda ndimu. Leo utaikuta kwenye orodha za vinywaji Arusha, Dar es Salaam na Unguja. Ukiacha vodka, kila kilichomo kinaweza kutoka kwa mkulima na mrina asali wa hapahapa.

Hesabu ya glasi moja

Chukua mfano wa dawa moja inayouzwa Sh25,000. Bei zinazofuata ni za mfano tu, kwani hubadilika kutoka mji hadi mji na kutoka msimu hadi msimu, lakini uwiano wake unatoa picha.

Kwanza inatoka kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, baada ya kupunguzwa kutoka asilimia 20 mwaka 2009. Katika Sh25,000, serikali inachukua Sh3,814 na hoteli inabaki na Sh21,186.

Pili ni kinywaji chenyewe. Chupa ya mililita 750 hutoa toti 15 za mililita 50. Kama chupa ya vodka kutoka nje imenunuliwa Sh60,000, kila toti imegharimu Sh4,000.

Tatu ni vitu vya shambani. Ndimu mbili kwa bei ya kufikishwa hotelini ni Sh200. Asali gramu 20, kwa bei ya Sh10,000 kwa kilo, ni Sh200 nyingine. Sukari gramu 10 ni Sh30. Jumla ni Sh430.

Malighafi zote kwa pamoja ni Sh4,430, sawa na asilimia 21 ya mapato ya hoteli baada ya kodi. Hiyo inalingana na kanuni ya biashara ya baa duniani, ambapo malighafi hupangwa ziwe kati ya asilimia 20 na 25. Kinachobaki si faida tupu. Hapo bado kuna mishahara, umeme, mafuta ya jenereta, barafu, leseni, pango, glasi zinazovunjika na siku ambazo meza ni tupu.

Sasa tazama mgawo wa shamba. Vitu vitatu vya shambani vimechukua Sh430, ambayo ni chini ya asilimia mbili ya bei aliyolipa mteja. Tena hiyo ni bei ya mlangoni mwa hoteli. Kama mkulima aliuza ndimu shambani kwa Sh30 moja, basi katika glasi ile yeye amepata Sh60. Ni senti 24 katika kila Sh100 anayolipa mteja. Inayobaki imekwenda kwa dalali, usafiri, ushuru, mnunuzi wa jumla na ndimu zilizooza njiani.

Msomaji anaweza kukasirika hapo na kusema hoteli zinanyonya. Lakini hesabu hiyohiyo ina habari njema, na ndiyo inayosahaulika. Hebu bei ya ndimu ipande mara mbili. Gharama ya glasi itaongezeka kwa Sh200, chini ya asilimia moja ya bei. Hoteli haitatikisika. Lakini ndimu zikikosekana kabisa saa 2 usiku wa Jumamosi, hoteli inapoteza mauzo ya Sh21,186 kwa kila glasi ambayo haikuuzwa, na mteja anaondoka akinung'unika.

Kwa maneno mengine, kwa hoteli ndimu ni rahisi mno, kukosekana kwake ndiko ghali. Mkulima anayeshindana kwa kushusha bei anauza kitu ambacho mteja huyu hakihitaji sana. Anachohitaji ni uhakika.

Kwa nini hoteli inamkwepa mkulima

Wakulima wengi waliojaribu kuuza moja kwa moja hotelini wanaijua hadithi hii. Wiki ya kwanza walipokelewa vizuri. Wiki ya tatu gari liliharibika, mzigo ukafika saa 8 mchana badala ya asubuhi. Wiki ya tano msimu ukaisha. Ofisa ununuzi akarudi kwa mchuuzi wake wa zamani, na mkulima akabaki na madai ambayo hayajalipwa.

Vikwazo vinajulikana. Cha kwanza ni msimu. Mashamba ya machungwa na ndimu ya Muheza, na ya mananasi ya Kiwangwa, Bagamoyo, huvunwa kwa mkupuo. Matunda yanapokuwa mengi hurundikana barabarani na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ilhali miezi mingine hayapatikani. Kaunta ya hoteli haina msimu, na mahitaji yake hupanda Desemba bila kujali mvua zilinyesha lini.

Cha pili ni vipimo. Shambani watu huuza kwa tenga, kiroba au lumbesa. Hotelini huhesabiwa kwa kilo au kwa tunda, na tunda lenye kovu hukataliwa. Anayenunua lumbesa na kuuza kwa kilo ndiye anayekula tofauti iliyopo katikati.

Cha tatu ni karatasi. Hoteli inahitaji ankara, namba ya mlipakodi na stakabadhi ya mashine ya kielektroniki. Mkulima mmoja mmoja mara nyingi hana, kwa hiyo hulazimika kupitia kwa mwenye navyo.

Cha nne ni muda wa kulipwa. Ni kawaida kwa hoteli kulipa siku 30 hadi 60 baada ya kupokea mzigo. Kikundi kinachopeleka bidhaa za Sh300,000 kwa wiki na kulipwa baada ya siku 45, wakati wowote kina karibu Sh1.9 milioni zilizo mikononi mwa mteja. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hawezi kusubiri, hivyo huuza kwa dalali anayelipa taslimu hata kama bei ni nusu.

Kwa sababu hizo meneja wa baa hujihami. Hununua sharubati za chupa, juisi za pakiti na matunda yaliyosagwa kutoka ng'ambo. Hayana ladha ya pasheni ya Njombe, lakini hukaa stoo miezi kadhaa na hayapigi simu kusema gari limekwama.

Kutegemea vya nje nako kuna hatari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Zanzibar ilikumbwa na uhaba wa vinywaji baada ya mabadiliko ya waagizaji walioruhusiwa kuingiza pombe visiwani. Bei zilipanda na hoteli nyingi zikahangaika katikati ya msimu wa wageni. Waliokuwa na orodha ya vinywaji inayotegemea matunda ya karibu walikuwa na la kumpa mteja.

Somo kutoka Brazil

Nchi iliyolielewa jambo hili mapema ni Brazil. Kinywaji chake cha caipirinha kina vitu vitatu tu vikubwa: cachaça, ambayo ni pombe ya miwa, ndimu na sukari. Kwa miaka mingi kilikuwa kinywaji cha watu wa vijijini. Mwaka 2001 serikali ililinda jina la cachaça kuwa mali ya Brazil, na mwaka 2003 ikaandika katika kanuni zake kuwa caipirinha ni kinywaji cha Kibrazili kinachotengenezwa kwa cachaça, ndimu na sukari. Baa ya London au Tokyo inayotaka kuuza caipirinha ya kweli hulazimika kununua cachaça ya Brazil.

Tanzania ina vitu hivyo vyote. Ina viwanda vya sukari Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC kule Moshi. Kilombero, ambako maelfu ya wakulima wa nje hupeleka miwa yao kiwandani, kuna mtambo wa spiriti ulioanza kazi mwaka 2013 unaotumia molasi, yaani mabaki ya miwa baada ya sukari kutolewa. Konyagi hutengenezwa Dar es Salaam. Asali hutoka Tabora, Katavi, Kigoma na Singida. Tangawizi hulimwa Same, na karafuu ziko Pemba. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi zenye baridi haziwezi.

Rudi kwenye mfano wa dawa. Kama badala ya vodka ya Sh4,000 kwa toti hoteli ingetumia kinywaji cha hapa nchini cha Sh1,000 kwa toti, ingebaki na Sh3,000 zaidi kwa kila glasi. Hata ikimlipa mkulima mara mbili kwa ndimu na asali, bado ingekuwa mbele kwa Sh2,600. Kikwazo ni mazoea, kwani wateja wengi huomba jina la nje wanalolijua. Lakini mgeni aliyesafiri saa tisa kwa ndege hajaja kunywa kile anachokinywa kwao. Akipewa glasi yenye konyagi, ukwaju na tangawizi, na akaelezwa inatoka wapi, mara nyingi huiomba tena.

Glasi isiyo na kilevi

Kuna soko jingine ambalo wengi hulidharau, nalo ni la wasiokunywa pombe. Wateja wa hoteli za Zanzibar na za mwambao ni pamoja na familia za Kiislamu, Walokole, akina mama wajawazito, madereva na watoto. Hao nao wako likizo na hawapendi kupewa soda ya chupa wakati meza ya jirani inaletewa glasi iliyopambwa.

Kwa mkulima, kokteli isiyo na kilevi ni bora kuliko ile yenye kilevi. Glasi ya dawa hutumia juisi ya ndimu vijiko vichache tu, lakini glasi ya nanasi, pasheni na tangawizi hujazwa na matunda yenyewe. Kama inauzwa Sh12,000 na imetumia matunda ya Sh1,500, basi mgawo wa matunda ni asilimia 12.5 ya bei, zaidi ya mara saba ya ule wa dawa.

Anayetaka kuona jambo hilo kwa macho aende Forodhani, Unguja, jioni. Katika bustani hiyo, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, mgeni aliyelala hoteli ya bei mbaya hupanga foleni pamoja na wenyeji kusubiri juisi ya miwa inayokamuliwa na ndimu na kipande cha tangawizi. Ni kokteli kamili, isipokuwa haina pombe wala mwavuli wa karatasi. Bei yake ni ndogo, lakini karibu kila kilichomo ni cha mkulima. Hoteli chache ndizo zimeweka kinywaji hicho kwenye orodha zao, ingawa kinauzwa hatua chache kutoka milangoni mwao.

Mkulima afanye nini

Jambo la kwanza ni kukubali ukubwa halisi wa soko. Baa inayouza glasi 300 kwa wiki, kila moja na ndimu mbili, inahitaji ndimu 600 kwa wiki au 31,200 kwa mwaka. Kama mti uliotunzwa unatoa matunda 700 kwa mwaka, miti 45 inatosha. Soko hili peke yake haliwezi kuwaokoa wakulima wote wa ndimu wa mkoa wa Tanga. Wakati wa mavuno makubwa bado vinahitajika viwanda vya kusindika juisi. Hoteli ni soko la wachache waliojipanga, linalolipa vizuri kwa mwaka mzima.

Kujipanga huanza shambani. Mndimu huchochewa kutoa maua unapopata ukame mfupi na kisha kumwagiliwa. Mkulima mwenye kisima anaweza kuzuia maji kwa wiki chache, kisha akamwagilia na kuweka mbolea, na matunda yakawa tayari baada ya miezi minne hadi mitano. Anayelenga Desemba anapaswa kuwa na maua Julai au mwanzoni mwa Agosti. Kikundi chenye wanachama kumi kikigawana miezi, hakuna wiki itakayokosa mzigo.

Nanaa ni rahisi zaidi. Hupandwa kwa vipande vya shina, hupenda maji na kivuli kidogo, na huanza kukatwa baada ya miezi miwili hadi mitatu, kisha huchipua tena. Bustani ndogo pembezoni mwa mji inaweza kuhudumia hoteli kadhaa. Ugumu wake uko baada ya kukata, kwani hunyauka kwa saa chache. Ikatwe alfajiri, isimamishwe ndani ya maji na ifike hotelini kabla jua halijawa kali.

Baada ya shamba ni utaratibu. Kikundi kiwe na jina, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na mtu mmoja anayepokea simu ya hoteli wakati wote. Matunda yachambuliwe kwa ukubwa na kupimwa kwa kilo kabla hayajatoka kijijini. Yale madogo na yenye makovu yaende sokoni Ilala, Buguruni au Mabibo, kwa kuwa huko hayana aibu. Wanaotaka kuuza sharubati ya tangawizi au asali kwenye chupa wafuatilie alama ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 limechukua pia kazi ya kusajili vyakula.

Kuhusu malipo, kikundi kisiingie kikiwa mikono mitupu. Kiweke akiba ya wiki sita za mzigo, au kianze na hoteli ndogo na migahawa inayolipa kila wiki. Mkataba uwe wa maandishi na utaje kiasi, siku ya kupeleka, siku ya kulipwa na nini kitatokea mzigo ukikataliwa. Mikataba ya mdomo ndiyo iliyowafanya wakulima wengi waseme hoteli hazilipi.

Hoteli nazo zina wajibu. Kulipa ndani ya siku 14 kwa vikundi vidogo hakuwezi kuifilisi hoteli inayouza glasi moja kwa Sh25,000, na kunaweza kuwa ndiko kutakakowawezesha wakulima hao kuwepo msimu ujao.

Na msafiri je?

Anayepanga safari ya mjini sikukuu zijazo naye ana nafasi yake. Awahi kuweka chumba, kwa kuwa Desemba bei hupanda na vyumba vizuri huisha. Aulize bei kabla ya kuagiza, na aulize kama kodi na huduma zimo. Hoteli nyingi huwa na saa za punguzo jioni, na huo ndio wakati mzuri wa kutazama jua likizama kwa gharama nafuu. Kule Mji Mkongwe avae kwa heshima anapotoka hotelini, na mwezi wa Ramadhani asinywe wala kula barabarani mchana. Akishakunywa asishike usukani, teksi na bajaji zipo.

Kisha, kabla mhudumu hajaondoka na oda, aulize swali moja zaidi: juisi hii ni ya tunda au ya pakiti, na asali hii ni ya wapi? Swali hilo halina gharama. Mhudumu humpelekea meneja wa baa, na meneja humpelekea ofisa ununuzi. Likiulizwa mara 20 kwa usiku mmoja, asubuhi yake ofisa huyo atamtafuta mtu wa Muheza au Kiwangwa anayeweza kuleta ndimu kila Jumanne na kila Ijumaa. Kazi ya mkulima ni kuhakikisha kwamba siku simu hiyo itakapopigwa, mzigo upo.